Macho na Dawa za Ukimwi: Tulikotoka

Leo twarudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1980, kule Marekani, wagonjwa wengi wa Ukimwi walianza kupofuka. Chanzo kilikuwa kirusi kiitwacho saitomegalo. Wengi wetu tunacho mwilini tangu utotoni, kimelala tu. Lakini chembe za CD4 zikishuka chini ya 50, kinaweza kuamka na kula retina, ile ngozi nyembamba nyuma ya jicho inayopokea picha. Hakuumi. Mtu huona vijidoa vikielea, kisha giza upande mmoja.

Mwaka 1989 dawa ya gansiklovia iliidhinishwa huko. Ilitiwa kwenye mshipa, na ilikituliza kirusi tu. Retina iliyokufa hairudi, hata leo.

Mwaka 1996 mseto wa ARV ukaanza kutumika na upofu huu ukapungua sana. Lakini ajabu! Macho ya baadhi ya waliotulia yakavimba ndani, ilhali kirusi kimelala. Kufikia 1998 madaktari walikuwa wameeleza: kinga iliyopata nguvu ilikuwa ikipigana na mabaki ya kirusi jichoni.

Kwa hivyo ukiona ukungu baada ya kuanza ARV, usiziache. Mama mmoja niliyemhudumia aliziacha. Aliporudi, CD4 zilikuwa zimeshuka tena. Njoo kliniki siku hiyo hiyo. Daktari wa macho atakutia matone ya kupanua mboni achungulie nyuma kabisa. Uje na mtu wa kukushika mkono, maana matone hayo hutia ukungu kwa saa kadhaa.