Radhi Tano na Mtawala Asiyetajwa

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umezoeleka kusomwa kama hati ya utii. Wanaousifu na wanaoulaumu hukubaliana katika hilo. Yafaa, hata hivyo, tuikumbuke nyumba ulimotoka. Marehemu mumewe, Bwana Mataka, alikuwa kiongozi wa Siyu aliyempinga Seyyid Said wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mwaka 1844 jeshi la Sultani lilishindwa huko vibaya.

Sasa tuhesabu. Katika wosia huo kwa bintiye, mjane huyu anataja radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mtawala hayumo. Wala radhi si utii mtupu: mtu aweza kutii kwa kuogopa fimbo, ilhali radhi hutoka moyoni mwa anayeitoa. Sidai kwamba mshairi alikuwa mwasi wa nyumbani. Humo, siku ya kufufuliwa, hatima ya mke imo mikononi mwa mumewe. Lakini anayetaka kuthibitisha kwamba Waswahili wa karne ya 19 waliuona utii kwa Sultani kuwa tawi la utii wa nyumbani, orodha hii haimsaidii.