Kiwanja chembamba chenye mteremko: Nyumba ya sakafu zinazopishana

VIWANJA vingi vinavyouzwa kwenye vilima vya Kimara na Goba, jijini Dar es Salaam, ni vipande vilivyomegwa kutoka mashamba ya zamani. Ni virefu, vyembamba na vyenye mteremko. Wanunuzi wengi huanza kwa kukodi katapila kusawazisha ardhi, na hapo ndipo fedha ya nyumba huanza kupotea kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Njia nyingine ni kuufuata mteremko kwa kujenga sakafu zinazopishana kwa nusu ghorofa. Kwa mfano, kiwanja chenye upana wa mita 10, ikiachwa mita 1.5 kila upande, hubakiza mita 7 za nyumba. Ramani iliyozoeleka ya korido katikati na vyumba pande mbili haifai hapo. Ukiondoa unene wa kuta na korido ya mita 1.2, kila chumba hupata upana wa mita 2.6 tu.

Katika sakafu zinazopishana, ngazi ndiyo korido. Sebule, jiko na chumba cha kulia hukaa mbele, usawa wa barabara. Nyuma, mita 1.5 chini, huwekwa vyumba vya watoto vinavyofungukia uani. Juu yake, mita 1.5 kutoka sebuleni, chumba cha wazazi. Kila safari ni vidato 10 vya sentimita 15. Hata hivyo, familia inayoishi na bibi au babu haina budi kutenga chumba na choo usawa wa sebule. Hilo husahauliwa mno na wachoraji.

Wazo hili si geni pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, sakafu hupanda kidogo kidogo kutoka uani kwenda msana wa tini, msana wa yuu hadi ndani. Ulaya, msanifu Adolf Loos alilifikisha mbali katika Villa Müller, iliyokamilika Prague mwaka 1930.

Faida nyingine ni hewa. Madirisha ya ubavuni hutazama ukuta wa jirani, lakini paa mbili zenye vimo tofauti huacha nafasi ya madirisha ya juu, ambako joto hutokea kupitia uwazi wa ngazi.

Hatari kubwa iko katikati ya nyumba. Ukuta unaotenganisha sebule na vyumba vya chini hubeba udongo, hivyo si wa kujengwa kwa tofali na mazoea ya fundi. Unahitaji nondo na zege kwa hesabu za mhandisi, kizuia unyevu, pamoja na kokoto na bomba lenye matundu la kutolea maji nyuma yake. Bila hayo, masika ya Machi hadi Mei huleta ukungu katika vyumba vya watoto.

Aidha, ramani za kununua zilizokwisha kuchorwa kwa kawaida huchukulia kuwa ardhi ni tambarare. Mpima ardhi achukue vimo vya kiwanja kwanza, msanifu achore baadaye, ndipo kibali kiombwe halmashauri. Karo nalo likae nyuma, chini ya usawa wa choo cha chini kabisa, na ubavuni ibaki njia ya kupitisha mpira wa gari la majitaka.