Njia ya mtoto mwanaume, njia ya mtoto mwanamke

Mtoto mchanga akifa, wamama wetu wanajua kilio chake, juu wameona wengi. Lakini mtoto wa miaka 12, mwenye alishapita surua na homa za utoto, akifa, kijiji kizima kinauliza: ni nani amemroga? Katika kurasa hizi siye tunauliza swali lingine: alikuwa wapi, na ni nini kilimuua?

Wataalamu wa afya wanasema kwamba miaka 10 mpaka 14 ndio umri ambamo mtu anakufa kwa uchache kuliko umri wote. Malaria, kuhara, ugonjwa wa mapafu na ule wa damu tunaouita SS havichagui mwanaume wala mwanamke. Lakini kuna vifo vingine vinavyofuata njia ambayo mila na historia zilimpangia kila mtoto.

Tuanze na mtoto mwanaume. Kwa Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, njia yake ilipita porini, kwenye bwali. Makabila mengine ya Maniema na Kivu wanasema yando. Pasipo kutahiriwa, hakuna mtu angeingia katika bwami. Wazee walijua kama kisu kina hatari yake: damu kutoka bila kukoma, na kidonda kuoza. Ndiyo maana watoto walikuwa na walinzi wao na miiko yao. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikataza bwami, lakini watu waliendelea nayo kwa siri. Hapo tunapata fundisho: kukataza mila hakuiondoi, na jambo linalofanyika kwa kujificha, muganga halifikii.

Kuna hatari moja ambayo wazazi wengi hawaijui: tetanosi. Mama mwenye mimba anapochunguzwa, anachomwa sindano ya kumkinga yeye na mtoto wake. Mtoto mwanaume naye alichanjwa akiwa mchanga, kisha mara nyingi hakuna mwenye kumkumbuka tena, na nguvu ya ile chanjo inapungua na miaka. Anafika kwenye kisu akiwa na miaka 11, kinga imeshapungua.

Njia ya mtoto mwanamke ilielekea kwenye ndoa. Watu walisema: « ameshaona mwezi, ameshaiva ». Hata sheria ilifuata mawazo hayo: Code de la famille ya mwaka 1987 iliweka miaka 18 kwa mwanaume, lakini 15 kwa mwanamke. Ni sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ndiyo iliyoweka miaka 18 kwa wote wawili. Kusema ukweli, kuona mwezi siyo kuiva. Mifupa ya nyonga inaendelea kukua miaka kadhaa baadaye. Msichana wa miaka 13 akishika mimba, mtoto anaweza kukwama njiani, presha ya damu inaweza kupanda mpaka akashikwa na kifafa cha mimba, na damu inaweza kumwisha. Akipona, fistula inaweza kumfukuza katikati ya watu.

Kisha vita ikaja, ikachanganya njia zote mbili. Toka mwaka 1996 tulizoea jina la « kadogo ». Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia vitani Ituri, miaka 2002 na 2003. Katika watoto wa vita walikuwamo wanaume na wanamke. Risasi ilitafuta wote. Lakini wasichana, juu ya risasi, walibakwa na wakubwa wao wa jeshi.

Hatusemi mila zitupwe. Tunaomba hivi: mbele ya yando, mtoto apite kwenye kituo cha afya, achanjwe tetanosi, na wazazi waulizwe kama kuna SS katika familia. Kila mtoto awe na kisu chake, na muganga awe karibu. Msichana naye abaki shuleni, ndoa imngoje. Wazee wetu walitengeneza njia hizi ili mtoto afike kuwa mtu mzima. Ni juu yetu kuhakikisha anafika.