Jitu la Uganda Ambalo Halikutoka Uganda

Juma hili naweka kando siasa na bei ya unga. Nataka tuzungumzie mieleka, ile ya kulipwa ya Marekani, ambayo nimeitazama tangu enzi za kanda za video za kukodi hadi leo. Najua wako watakaoguna: mtu mzima na mambo ya kuigiza! Waache wagune. Mpenzi wa mieleka hahitaji kuambiwa kwamba mshindi hupangwa. Hilo ni jambo la kale.

Mwaka 1908, mjini Chicago, Frank Gotch wa Marekani alipambana na George Hackenschmidt kwa zaidi ya saa mbili kabla Hackenschmidt hajasalimu amri. Ni watu wachache wenye subira ya kutazama vifua viwili vikisukumana muda wote huo. Kufikia miaka ya 1920 waandaaji walikwisha kupata dawa: mapambano mafupi, vishindo vingi na matokeo ya kukubaliana. Siri hiyo ililindwa sana. Kisha mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo siku hizi inaitwa WWE, iliwaeleza waziwazi watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, si mashindano. Haikuwa toba. Ilitaka kuepuka usimamizi na tozo zinazoandama michezo ya kweli.

Basi uongo wa matokeo haunikeri. Mtazamaji na mchezaji wamekubaliana, kama ilivyo jukwaani. Unaonigusa ni uongo mwingine, uliotuhusu sisi bila sisi kuulizwa.

Wa rika langu mnamkumbuka Kamala, Jitu la Uganda. Pande la mtu, pekupeku, uso umepakwa rangi, tumbo limechorwa nyota na mwezi, mkononi mkuki. Hasemi neno, anaunguruma na kujipiga tumbo. Pembeni yake mtu aliyeficha uso, kavaa kofia ya kikoloni, anamwongoza kama mnyama. Tuliambiwa kwamba anakula watu, na kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Jina lake halisi ni James Harris. Alizaliwa mwaka 1950 huko Senatobia, jimbo la Mississippi, katika familia ya Wamarekani weusi waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Kabla ya ulingo alichuma matunda na kuendesha lori. Kamala alibuniwa Memphis mwaka 1982, Harris mwenyewe akishirikiana na Jerry Lawler na Jerry Jarrett.

Utazameni huo mwaka. Ilikuwa miaka minne tu tangu majeshi ya Amin yavamie Kagera, na mitatu tangu aondolewe Kampala. Kwetu sisi Amin alikuwa makaburi na nyumba zilizobomolewa. Kwa waandaaji wa Memphis alikuwa tangazo la kuuzia tiketi. Na Kamala, ambalo huko huko Kagera ni jina la watu wenye heshima zao, likafanywa jina la mla watu.

Mtaniuliza: kwa nini basi uliendelea kumtazama? Kwanza, kwa sababu alikuwa hodari. Alipambana na Hulk Hogan katika viwanja vingi vya Marekani, na tarehe 29 Agosti 1992 alikabiliana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya umati ambao waandaaji walisema ulizidi watu 80,000. Pili, kwa sababu chini ya ile rangi niliona mtu kazini. Mtoto wa Mississippi aliyeikimbia shida ya shambani alikuta kwamba mlango uliofunguka ni ule wa kuigiza ushenzi wa Mwafrika. Nani atamrushia jiwe? Lawama ni ya waliojenga mlango.

Na malipo ya uzeeni? Kampuni ile haiwahesabu wanamieleka wake kuwa waajiriwa, bali watu wa mkataba wanaojitegemea. Kisukari kilimwandama Harris. Mguu wa kushoto ulikatwa mwaka 2011, wa kulia mwaka 2012. Akawa anatengeneza viti vya mbao na kuviuza. Alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 70. Maanguko yalipangwa, lakini mwili ulioanguka ulikuwa wake.

Mimi nitaendelea kutazama mieleka. Mapenzi hayo hayanitoki tena. Lakini enyi wazazi, watoto wenu wakikutana na picha zile za zamani, msizizime. Kaeni nao, wacheke wanavyotaka, kisha waambieni kwamba Jitu la Uganda lilizaliwa Mississippi, lilikuwa na jina, na lilijua kuzungumza vizuri tu. Ni waliomwajiri waliotaka anyamaze.

Tukutane juma lijalo.