Transfa: njia ya pili ya nguvu

Kila pikapu ina magurudumu manne. Kwa hiyo anayesoma tangazo kwamba Hilux inayouzwa ni "gari la magurudumu manne" ana haki ya kuuliza hizo nyingine zina mangapi. Gereji haina shida hiyo. Huko gari ni fowili au si fowili, na kila mtu anajua kwamba kinachohesabiwa ni tairi zinazopokea nguvu ya injini. Viwanda huandika 4x2 na 4x4: tarakimu ya kwanza ni magurudumu yote, ya pili ni yale yanayovuta, na lori la mchanga lenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta huwa 6x4. Ukizisoma tarakimu hizo kwa Kiswahili, "nne kwa mbili" inakupeleka duka la mbao. "Uendeshaji wa magurudumu manne", atakaouandika mtafsiri mwenye haraka, unamwingiza dereva mahali asipohusika, maana hapa haendeshwi mtu wala gari. Ni tairi zinazosukumwa na injini. Mimi nimechagua "gari la kuvuta kote", na ninayo mifano ya kutosha ya watu walionielewa bila kuuliza. Lakini jina la gari zima ni jepesi. Lenye kazi ni jina la kifaa kimoja kilichojificha chini ya sakafu, katikati ya dereva na abiria, ambacho mafundi wanakiita transfa.

Ukitaka kukifahamu, litazame kwanza gari lisilokuwa nacho. Chukua Hilux ya kuvuta nyuma ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita klachi, inaingia giaboksi, inatoka kwa propela moja ndefu na kuishia difu ya nyuma, ambayo inaipeleka kwenye tairi mbili. Njia ni moja tu. Mwenye gari akitaka tairi za mbele nazo zivute, si suala la kuongeza kitu mbele. Lazima kwanza njia ya pili ifunguliwe mahali fulani, na mahali penyewe ni nyuma ya giaboksi. Hapo ndipo transfa inapofungwa: shafti moja inaingia, mbili zinatoka, moja kuelekea nyuma na nyingine mbele.

Mtu wa istilahi akisikia maelezo hayo, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye "kigawanguvu". Neno limekaa vizuri, limeundwa kama kipimajoto na kipazasauti, na linaonekana kueleza kazi. Tatizo ni kwamba kwa Hilux si kweli. Transfa ya Hilux hiyo haigawi nguvu kwa kipimo chochote. Dereva akivuta mtaimbo, meno yanaunganisha shafti ya mbele na ya nyuma zikawa kama kitu kimoja, nazo zinazunguka kwa kasi ileile, zipende zisipende. Baada ya hapo nguvu inakwenda kwenye ekseli yenye mshiko. Tairi za mbele zikiwa zinateleza kwenye utelezi, karibu nguvu yote inabebwa na za nyuma. Za nyuma zikizama, kazi inahamia mbele. Anayegawa ni ardhi.

Ndiyo maana mwongozo wa gari hukataza kutumia fowili ya namna hii kwenye lami kavu. Gari linapokata kona, tairi za mbele hupita duara kubwa kuliko za nyuma, kwa hiyo zinahitaji kuzunguka mara nyingi zaidi. Kwenye matope au mchanga tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami hakuna pa kuteleza. Shafti zinajisokota, stelingi inakuwa nzito, na mtaimbo wa transfa unagoma kutoka.

Yapo magari ambayo "kigawanguvu" ingeyafaa kabisa. Range Rover ya mwaka 1970 ilivuta kote wakati wote, na iliweza kwa sababu ndani ya transfa yake kulikuwa na difu ya tatu iliyoruhusu mbele na nyuma kupishana kasi. Hiyo inagawa kweli. Basi tuna kifaa chenye umbo moja na kazi mbili zinazotofautiana, na neno lolote la Kiswahili litakalobeba kazi moja litaisingizia nyingine. Uamuzi wangu ni kuliacha "transfa" liwe jina la sanduku lenyewe, kama tulivyoliacha "giaboksi", kisha vitenzi vyetu vifanye kazi ya kupambanua: transfa ya kuunganisha, transfa ya kugawa. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA akisikia hivyo anajua papo hapo ipi isipelekwe kwenye lami.

Wamarekani wana upambanuzi mwingine wa kuchekesha. Transfa iliyofungwa moja kwa moja kwenye giaboksi wanasema imeolewa. Iliyokaa peke yake kwenye chesisi, ikiungwa na giaboksi kwa shafti fupi, wanasema imeachika. Na huko kwao hiyo iliyoachika ndiyo iliyowahi kurahisisha kazi ya kugeuza pikapu ya kuvuta nyuma iwe ya kuvuta kote. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Northwestern Auto Parts ya Minneapolis, maarufu kwa kifupi cha NAPCO, iliuza seti iliyoitwa Powr-Pak kwa ajili ya pikapu za Chevrolet na GMC: ekseli ya mbele yenye difu, transfa iliyoachika, propela na vifungio vyake. Giaboksi ya gari ilibaki palepale. Seti ilikubalika kiasi kwamba mwaka 1957 Chevrolet yenyewe ikaanza kuuza pikapu zilizokwisha kufungwa vifaa hivyo. Na kabla ya NAPCO, Marmon-Herrington ya Indianapolis ilikuwa ikiyafanyia kazi kama hiyo malori ya Ford tangu miaka ya 1930.

Siri ya urahisi ule haikuwa kwenye transfa peke yake. Pikapu za Chevrolet za wakati huo, hata zisizovuta mbele, zilikuwa na ekseli moja nzima mbele, ikikaa juu ya springi za vyuma bapa. Unaitoa ekseli isiyovuta, unaweka inayovuta, springi ni zilezile. Mwaka 1960 General Motors ilibadili sehemu ya mbele ya pikapu zake, kila tairi ikaning'inia kivyake, na biashara ya seti zile ikakosa pa kushika.

Hilux ya kuvuta nyuma imo kwenye kundi hilo gumu. Toyota ilipoanza kutengeneza Hilux ya kuvuta kote mwaka 1979, iliipa ekseli nzima mbele na springi bapa. Ile ya kuvuta nyuma ina wishiboni, yaani kila tairi ya mbele inaning'inia kivyake, na chesisi yake imeundwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo fundi anayegeuza hana budi kukata kwa gesi vishikio vyote vya mbele, kuchomelea vipya vya springi, na kuhakikisha pande mbili ziko sawa, maana zikipishana gari litakwenda upande daima. Sampu ya oili nayo inagongana na difu, hivyo lazima ipatikane ya umbo la fowili. Stelingi inabadilishwa. Giaboksi inaondoka nzima kwa sababu mkia wake haukutengenezwa kupokea transfa. Propela ya nyuma inafupishwa. Mipira ya breki inarefushwa kwa kuwa gari limenyanyuka, na gari lililonyanyuka linapinduka kwa urahisi zaidi.

Halafu kuna meno ya difu, ambayo wengi huyasahau. Pinyoni yenye meno 10 ikizungusha krauni ya meno 41 inatoa uwiano wa 4.10, krauni ikiwa ya meno 43, uwiano ni 4.30. Ukifunga difu ya 4.30 mbele na kuacha ya 4.10 nyuma, gari litatembea vizuri tu hadi siku utakapounganisha transfa. Hapo shafti mbili zimelazimishwa kwenda kasi moja huku tairi zikidai kasi mbili, hata kwenye barabara iliyonyooka. Kitakachokatika kwanza ni suala la bahati.

Kwa hesabu hizo, mafundi wenye uzoefu humshauri mwenye pikapu auze anunue ya fowili, au atafute fowili iliyopata ajali ya bodi na kuhamishia bodi ya pikapu yake juu ya chesisi hiyo. Njia hii ya pili ni ya busara kiufundi, lakini Kiswahili kinakataa kuiita kugeuza. Namba inayolitambulisha gari imegongwa kwenye chesisi. Aliyebadilisha chesisi ana gari lingine lililovaa nguo za la zamani, na kadi yake ya usajili inapaswa kusema hivyo.

Kwa aliyefanikiwa, mtaimbo mfupi wa transfa ya Hilux utamwonyesha H2, H4, N na L4. H ni gia nyepesi, ya mwendo wa kawaida. L ni gia nzito, ambayo kwenye transfa za meno za Hilux inapunguza mzunguko mara 2.28 na kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi hichohicho. N inaacha ekseli zote mbili bila nguvu. Watu huuliza mbona hakuna L2. Nguvu iliyoongezwa zaidi ya mara mbili ikimwagwa yote kwenye difu ya nyuma peke yake, meno na shafti za ekseli hiyo zinaweza kukatika, kwa hiyo kiwanda kiliufungia mtaimbo usiingie gia nzito kabla ekseli ya mbele haijaunganishwa.