Dodo wa kikombeni na udongo mweupe wa Kisarawe

Mjadala wa kumrudisha dodo duniani haujapoa. Januari 2023 kampuni ya Kimarekani ya Colossal Biosciences ilitangaza kuwa itamfufua ndege huyo kwa teknolojia ya vinasaba, na tangu hapo wataalamu wanabishana: wengine wanashangilia, wengine wanasema fedha hizo zingelinda ndege ambao bado wapo. Kisiwani Morisi, alikotoka, dodo hajawahi kusubiri maabara. Yumo kwenye nembo ya taifa, kwenye fulana, na kwenye vikombe vya kauri ambavyo watalii huvifunga kwa magazeti wakirudi kwao.

Kikombe cha aina hiyo kikifika hapa Kisarawe, mkoani Pwani nchini Tanzania, kama zawadi ya safari, kinastahili kutazamwa kwa makini. Ndege aliyechorwa ni mnene, tumbo linakaribia kugusa chini, mdomo umejikunja mbele kama ndoana. Unene huo una historia yake.

Waholanzi walitua Morisi mwaka 1598. Dodo, jamaa ya njiwa asiyeweza kuruka, alitaga chini, na nguruwe, panya na nyani walioletwa na meli waliyamaliza mayai. Taarifa ya mwisho inayokubalika na wengi ya kuonekana kwake ni ya 1662. Waliofuata ni Wafaransa, ambao mwaka 1776 mfanyabiashara wao Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka wa kupeleka kisiwani, kwa hiyo kisiwa hicho si kigeni kwa damu ya pwani hii.

Zaidi ya karne moja baada ya dodo kutoweka, wako Wazungu waliodiriki kusema kwamba hakuwahi kuwapo. Hapo ndipo anapoingia George Clark, mwalimu wa shule mjini Mahébourg, aliyetafuta mifupa ya dodo kwa miaka mingi bila mafanikio. Mwaka 1865, katika kinamasi cha Mare aux Songes, vibarua waliokuwa wakichimba walianza kutoa mifupa. Clark aliwaagiza waingie kwenye maji meusi wapapase tope kwa nyayo. Mguu ukigusa kitu kigumu, mtu anainama, anakitoa. Kwa maelezo yake, mfupa wa kwanza wa dodo kinamasini ulipatikana hivyo. Katika maelezo yake ya 1866 Clark anajipa sifa yote. Harry Higginson, mhandisi wa reli, alikuja kueleza baadaye kwamba yeye ndiye aliyemfikishia habari za mifupa ile. Wenye nyayo hawakutajwa hata kwa jina moja, na hilo linaniuma kuliko ugomvi wa wataalamu uliofuata.

Na ugomvi huo ulikuwa mkubwa. Alfred Newton wa Cambridge, ambaye ndugu yake Edward alikuwa ofisa wa serikali huko Morisi, alikuwa ameshaandaa andiko lake na kusubiri mifupa. Richard Owen wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alipata fununu, akaudaka mzigo uliokuwa wa Newton. Newton ilimbidi aliondoe andiko lake, na Owen akachapisha la kwake mwaka 1866. Kwa haraka ile aliipanga mifupa ndani ya umbo la mchoro wa zamani wa Roelant Savery, mchoro wa dodo aliyenona kupita kiasi. Baadaye Owen mwenyewe alirekebisha, na tafiti za karibuni zinaonyesha ndege mwembamba aliyesimama wima. Umma ulikwisha kumpenda yule mnene, na ndiye aliyebaki kikombeni.

Basi tugeuze kikombe tuangalie kitako chake, pale ambapo rangi ya kung'aza haikufika na weupe wa udongo unaonekana. Weupe huo ni kaolini, na vilima vya Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, vimejaa kaolini ambayo wanajiolojia wanaihesabu miongoni mwa akiba kubwa duniani. Mwamba wake ni mchanga ulioshikamana na udongo. Ukiuponda na kuukoroga majini, mchanga unazama upesi na juu yanabaki maji meupe kama tui. Yakituama na kukauka, hiyo ndiyo kaolini. Changanya na madini ya felispa na kwatsi, choma kwa nyuzi 1,200 na zaidi, unapata kauri.

Habari hizi zinajulikana tangu enzi za Mjerumani. Mashimo ya uchimbaji wa zamani leo ni mapango ya popo. Baada ya uhuru serikali nayo ilijaribu kuchimba. Siku hizi Mkoa wa Pwani una viwanda vikubwa vya tailizi, Mkuranga na Chalinze, ila kikombe cha chai cha Kisarawe bado kinanunuliwa Kariakoo, kikiwa kimevuka bahari.

Hilo ni uzembe wetu, na linarekebishika. Morisi inauza picha ya ndege aliyekufa. Kisarawe ina msitu wa Pugu na Kazimzumbwi wenye hondohondo walio hai, na udongo wa vikombe vya kuwachora upo chini ya mizizi ya miti ile ile. Halmashauri inayotafuta zawadi ya kuwauzia wageni wanaokuja kutembea msituni ianze na kikombe cha hondohondo, na jina la mfinyanzi liandikwe kwenye kitako.