Wabunge wa kusimama

Mobutu alipotangaza, tarehe 24 Aprili 1990, mwisho wa utawala wa chama kimoja, itikadi yake ilikoma kuwa neno la mwisho. Watu wa Kinshasa walikusanyika mbele ya wauza magazeti wakibishana juu ya siasa na sheria. Nao wakaitwa “wabunge wa kusimama”.

Kufikia Januari 2015 mabishano yalikuwa yameingia katika mitandao ya kijamii. Bunge lilipitisha mswada ulioufunga uchaguzi kwenye hesabu ya watu wote, kazi ya miaka. Wito ulienezwa kwa neno la Kilingala Telema, yaani “simama”. Na sidhani kwamba ufanano huo ni wa bahati tu. Waandamanaji waliuawa. Tarehe 20 serikali ilikata intaneti. Tarehe 23 Seneti ilikiondoa kifungu hicho, mitandao ikiwa ingali imefungwa.